Mwaka Niliolipwa Kunyamaza Mahakamani

Mama Kulwant amefariki. Mwanawe alinipigia simu kutoka Uingereza, akasema tu, "Jaji, mama ametuacha," nami nikakaa kitako juu ya ndoo ya rangi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mimi si jaji. Sijawahi kuwa jaji, na kwa vile ninavyopenda kuongea hakuna tume ya nchi yoyote itakayonikubali. Jina hilo nilibandikwa jikoni kwa mwanamke huyo mwaka ule wa 2007 kuingia 2008, Nakuru, nilipoishi juu ya duka lake kama kuku aliyefungwa mguu, nikiamini kwamba kijana mwenye akili zangu zote hawezi kuozea katikati ya misumari na mabomba. Simu ilipokatika nilibaki kwenye ile ndoo muda mrefu. Mke wangu akapita akauliza kama ninapaka rangi au nimepakwa. Nikamwambia niache kidogo, niko Nakuru.

Habari za nilikozaliwa na aliyenizaa nitaziruka. Inatosha kusema mimi ni zao la masomo ya jioni. Mchana nilipima magunia kwenye kinu cha unga, jioni nikasoma sheria nikiwa na unga kwenye nyusi, hata mwalimu wetu wa mikataba aliniamkia shikamoo mwaka mzima akidhani ni mvi. Nilipomaliza, nilibakiza chuo cha mawakili kule Nairobi, na karo ya chuo hicho kwangu ilikuwa sawa na bei ya Ziwa Nakuru pamoja na ndege wake. Ndipo shirika moja likatangaza ufadhili wa wanafunzi wa sheria watakaokubali kuwatumikia wananchi badala ya kutumikia mifuko. Wao waliuita feloshipu. Ukikubaliwa, unafanya kazi mwaka mzima katika ofisi ya msaada wa sheria, unaishi hapo hapo kituoni, hufanyi kibarua kingine, hutoki mji huo bila ruhusa, na mwaka ukiisha wanakulipia chuo chote. Ukitoroka hata mwezi wa mwisho, hupati kitu. Kwenye mahojiano waliniuliza kwa nini ninapenda kazi ya umma. Nikawaambia nilianza kutetea wanyonge nikiwa bado tumboni. Mzungu mmoja aliandika hiyo. Wakanichukua.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Mama Kulwant, mjane wa Kisingasinga ambaye alizaliwa Nakuru, aliolewa Nakuru, na alitukana wauzaji wa saruji kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Kodi alilitoza shirika kwa bei ya huruma, na huruma hiyo tulikumbushwa kila asubuhi. Chumba changu kilikuwa nyuma ya ofisi, chembamba kiasi kwamba nikijinyoosha kitandani vidole vya miguu vilikuwa tayari kazini. Dirisha lilikuwa moja na lilitazama ukuta. Kutoka jikoni kwake, upande wa pili wa korido, ilikuja harufu ya vitunguu na binzari ambayo ingemtoa maiti makaburini, na chapati zake zilikuwa pana kama usukani wa lori. Nilikula kwake tangu wiki ya kwanza, na wiki hiyo hiyo akaanza kuniita Jaji kwa jinsi nilivyotoa hukumu juu ya kila kitu. Alisema ni kwa sababu hataki mtu afe kwa njaa juu ya duka lake, watu watasema ni misumari.

Bosi wangu alikuwa Wakili Mutua, mtu mwembamba mwenye suti moja na ofisi za miji mitatu mgongoni mwake. Nakuru alikuja mara mbili kwa wiki. Siku ya kwanza alinikalisha, akaniambia, "Felo, sikiliza. Wewe bado hujaapishwa. Ukifungua mdomo mbele ya hakimu kumsemea mtu, hiyo ni kosa, na feloshipu yako itaisha hapo hapo. Wewe ni masikio. Mdomo ni mimi." Fikiria basi. Mimi, niliyeweza kubishana na redio mpaka ikazimika yenyewe, nikalipwa kunyamaza. Nilikuwa nasikiliza watu kutwa: vibarua wa mashamba ya maua, wapangaji wa mtaa wa Rhonda, wazee wa kutoka Olenguruone waliokuja na kesi za mashamba zenye umri mkubwa kuniliko. Niliandika, nikapanga, nikabeba faili, halafu nikakaa benchi la nyuma mahakamani nikiuma ulimi wangu, nikiona watu wangu wakisimama peke yao siku ambazo Wakili Mutua alikuwa mji mwingine. Wenzangu wa darasa walikuwa Nairobi wakivaa tai na kutumwa na mawakili wakubwa kuleta kahawa. Niliwaonea wivu hata ile kahawa. Kila jioni Mama Kulwant alipovuta geti la chuma la kukunja la mlango wa chini na kulifunga, nilihisi sauti yake mbavuni.

Mama Nekesa alikuja kwetu mwezi wa kumi na moja. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi kule Rhonda, mwanamke mpana, mwenye mikono ya kusonga ugali wa watoto mia, na sauti ndogo ambayo ilibidi uiinamie. Aliishi chumba kimoja na mama yake mzee, tuliyemwita Kukhu, yaani bibi kwa lugha ya kwao, ambaye masikio yake yalikuwa yamestaafu zamani. Kodi yake alikuwa amelipa. Lakini mwenye nyumba alitaka vyumba vyote viwe wazi apate kubomoa, na asubuhi moja, Mama Nekesa akiwa shuleni, akapita mlango kwa mlango akiweka makufuli yake. Hakubisha hodi. Na hata angebisha, Kukhu alikuwa amelala ndani na asingesikia. Mama Nekesa aliporudi mchana alikuta kufuli mpya kwenye mlango wake na mama yake upande wa pili. Akaokota jiwe. Mwenye nyumba akaenda polisi, na Mama Nekesa akashtakiwa kuharibu mali ya mtu kwa makusudi.

Alipokuja kwetu alikuwa ameshafika mbele ya hakimu, peke yake, na maji yalikuwa yameshamwagika. "Hakimu alikuuliza nini?" nikamuuliza. "Aliniuliza kama ni kweli nilivunja kufuli." "Ukasema?" "Nikasema ni kweli." "Ukanyamaza hapo?" "Sasa ningesema nini tena, wakili? Mtu mkubwa kama yule amekuuliza, amekutazama, unaanza kumletea hadithi?" Nilijishika kichwa. Huo ndio ugonjwa uliojaza jela zetu, na huupati kwenye kitabu chochote cha sheria: watu wetu wamelelewa kumkubalia mkubwa. Hakimu anasoma shtaka, mtu anaitikia ni kweli kama anavyoitikia salamu, na karani anaandika kwamba amekiri. Mlango mmoja tu ndio unaobaki. Siku nyingine itakayopangwa, mwendesha mashtaka husimama kusimulia ilivyokuwa, na mshtakiwa huulizwa mara ya mwisho kama ndivyo. Hapo akikataa, hakimu anafuta kukiri kwake na kesi inaanza upya. Akikubali, amehukumiwa. Siku ya Mama Nekesa iliwekwa mwezi wa kwanza. Alikuwa nje kwa dhamana yake mwenyewe. Na mkuu wa shule alikuwa ameshamwambia waziwazi: ukipatikana na hatia, sufuria za watoto hutashika tena. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na Kukhu. Hawakuwa na nyingine.

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia, "siku hiyo Wakili Mutua atasimama nawe, atanguruma mpaka vioo vipasuke." Wakili Mutua hakuwahi kunguruma maishani mwake, alikuwa na pumu. Na Krismasi akaenda kwao Machakos, tukapiga kura, matokeo yakatangazwa, na nchi ikafunga barabara zake zote.

Mengine mnayajua. Nitasema tu niliyoyaona kwenye paa la Mama Kulwant, ambako tulipanda kutafuta mawimbi ya simu: moshi upande wa Rhonda na Kaptembwo, na chini yetu barabara ambayo siku zote ilikuwa na mikokoteni na kelele, imenyamaza kama mtu aliyetukanwa. Mara vijana walipita na rungu wakisimamisha watu, wakiuliza majina. Jina la baba yako, ulilojazia fomu maisha yako yote bila kuliwaza, ndilo lililoamua kama utafika nyumbani. Hapo sina mzaha. Mama Nekesa alifika getini mchana mmoja akiwa na Kukhu mgongoni, amembeba kama mtoto, na godoro la kuazima kichwani. Bado najiuliza alivyoweza. Mama Kulwant aliteremka na funguo, akawatazama kupitia vyuma. Mimi nikaanza kueleza kwamba ni mteja wetu, kwamba ofisi ina nafasi. Akanikata. "Jaji, wewe nyamaza. Mama, ingia. Viatu toa hapo. Hapa ndani hakuna mtu ataulizwa jina la baba yake. Ataulizwa kama amenawa mikono."

Kisha akafunga geti, na tukawa wafungwa wanne. Unga uliisha, tukala mchele. Maziwa yaliisha, tukanywa chai ya rangi. Dengu hazikuisha. Nilikula dengu asubuhi, mchana na jioni mpaka nikaanza kuziota zikinisalimia kwa jina. Kupitia ukuta nilimsikia Mama Kulwant akibishana kwenye simu na wanawe: "Nije Uingereza nikafanye nini? Nani atafungua duka? ... Ndiyo, naogopa. Kwani kuogopa ni lazima upande ndege?" Halafu anakata simu, na unasikia sufuria zikipigwapigwa zaidi ya inavyohitajika. Mimi nami nilikuwa na simu yangu. Shirika liliniambia nikitaka kuondoka niondoke kwa hiari yangu, lakini mambo ya ufadhili yatazungumzwa baadaye. Niliitafakari ile "baadaye" nikiwa nimelala, vidole vyangu vikiwa ofisini. Barabara ingefunguka ningeenda wapi? Na mahakama ingefunguka Mama Nekesa angesimama na nani?

Kwa hiyo tukaanza mahakama ya jikoni. Mama Kulwant ndiye aliyekuwa hakimu, amekalia gunia la mchele, mtandio wa kichwani ameuviringisha kama wigi, mkononi mti wa kusukumia chapati. Mimi nilikuwa mwendesha mashtaka, na nilikuwa mkali kuliko polisi wote wa Bonde la Ufa. Mama Nekesa alisimama kati ya jiko na pipa la maji, hicho ndicho kizimba.

"Mshtakiwa!" hakimu akaita. "Ulivunja kufuli ya mwenye nyumba?"

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Jela! Miaka kumi! Na vyombo vya leo ni vyako."

"Mama Nekesa," nikalia, "tumesema nini?"

"Lakini wakili, si nilivunja? Unataka nisimame mbele ya Mungu na serikali niseme kufuli ilijivunja?"

"Wanasema nini?" Kukhu akauliza kutoka kwenye kigoda chake.

Mama Nekesa akamwinamia sikioni: "Wanataka nidanganye!"

"Nani?"

"Huyu wakili!"

"Aa-aa," Kukhu akatikisa kichwa akinitazama kwa huruma. "Na alikuwa anakaa kama kijana mzuri."

Hapo ndipo tulipokwama, siku baada ya siku. Nilidhani shida yake ni woga, nikamfundisha kusimama wima, kutazama mbele, kutoa sauti kutoka tumboni. Sauti ikatoka, naam, lakini ilitoka na "ni kweli" kubwa zaidi. Huyu hakuwa mwoga. Alikuwa mtu asiyesema uongo, na sheria kwa jinsi nilivyoileta mimi ilimtaka aseme uongo. Nilimweleza habari za nia na sababu halali, nikamtajia vifungu, nikachora kwa mkaa ukutani. Mama Kulwant akanifuata na kitambaa akifuta ukuta wake.

Siku tuliposikia kwamba mahakama itafunguliwa saa chache kwa siku, Wakili Mutua alinipata kwenye simu. Njia bado ilikuwa mbaya, hangeweza kufika. "Felo, mwambie akubali tu yaishe," akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka sana. "Hakimu atampiga faini kidogo, shirika litalipa. Wakati huu si wa kubishana na makufuli. Watu wanakufa." Nikamkumbusha kazi ya shule. "Shule gani? Iko wazi?" Haikuwa wazi. Nikamwambia angalau niombe ruhusa nimsemee neno moja. "Felo. Wewe ni nini?" "Masikio, wakili." "Basi."

Nikateremka kutoka paani nikamweleza Mama Nekesa yote, bila kupunguza, kwa sababu kesi ilikuwa yake. Alikuwa anachambua dengu. Mkono ukasimama kwenye sinia.

"Faini si inalipwa na mwenye makosa?"

"Ndiyo."

"Na mama yangu, itaandikwa alifungiwa na nani?"

"Haitaandikwa. Hakuna atakayeuliza."

Kisha akasogeza kigoda, akaweka mdomo kwenye sikio la mama yake na kumuuliza jambo ambalo, nadhani, lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ile na hakuthubutu. "Mama! Ile siku ya kufuli. Ulikuwa unafanya nini huko ndani?"

Kukhu hakushangaa kuulizwa. "Niligonga," akasema. "Nikagonga, nikagonga. Hakuna mtu alikuja. Nikaacha. Nikafikiri, kumbe ndio kufa kuko hivi, mlango tu unakataa. Nikalala vizuri, nikanyoosha nguo, ndio mkinipata msiaibike."

Mama Kulwant aligeukia jiko akakoroga sufuria iliyokuwa tupu. Mama Nekesa alimaliza kuchambua dengu zake moja moja hadi ya mwisho, akazimimina, akasimama kati ya jiko na pipa la maji. "Niulizeni tena," akasema. Lakini siku hiyo mahakama ya jikoni haikukaa.

Tulienda mahakamani kwa miguu asubuhi, yeye na mimi, tukipita katikati ya barabara kwa sababu kandokando kulikuwa na maduka yaliyoungua na vioo. Wanajeshi walituangalia. Kafyu ilikuwa inaanza jioni na watu wote walitembea kama waliochelewa. Ndani ya mahakama benchi zilikuwa wazi, harufu ya moshi ilikuwa imeingia hadi kwenye mapazia. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, macho mekundu, na nilimwona akiitazama saa yake kabla hata ya kuketi. Inspekta wa mashtaka akasimama akasoma kama mtu anayesoma orodha ya vyombo: kwamba mshtakiwa alifika kwenye nyumba ya mlalamishi, akaokota jiwe, akavunja kufuli mali ya mlalamishi. Hakuna Kukhu. Nililisubiri jina lake mpaka nukta ya mwisho. Nilikuwa nimeng'ata kola ya shati langu, na miguu yangu ilikuwa inataka kusimama yenyewe. Nikaishika kwa mikono yote miwili.

"Mshtakiwa, umesikia. Ni kweli ndivyo ilivyokuwa?"

Mama Nekesa alishika ukingo wa kizimba. Nikasubiri. Naapa nchi nzima ilisubiri, pande zote mbili.

"Kufuli nilivunja, mheshimiwa," akasema. "Kosa sikufanya."

Hakimu akainua kichwa. "Mara ya kwanza ulisema ni kweli. Iko hapa."

"Mara ya kwanza uliniuliza kufuli. Hukuniuliza nani alikuwa ndani."

Kalamu ya karani ilisimama. Hakimu alivua miwani, akamtazama yule mwanamke kana kwamba ndiye mtu wa kwanza kumwona tangu mwaka uanze. "Nani alikuwa ndani?" akauliza. Na Mama Nekesa akamwambia. Hakupamba, hakulia, sauti yake ilikuwa ile ile ndogo, ikabidi hakimu ainame. Akamwambia hadi habari za nguo iliyonyooshwa. Alipomaliza, inspekta alikuwa anatazama viatu vyake. Hakimu akaandika, akasema kwa sauti kwamba mahakama imebadilisha jibu la mwanzo, mshtakiwa amekana, kesi itasikizwa, dhamana iendelee. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Kesi yenyewe ilikuja kufa baadaye mwaka huo. Mlalamishi aliitwa na kuitwa tena, hakutokea, na faili ikafungwa. Mama Nekesa akarudi kwenye sufuria zake shule ilipofunguliwa. Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Tulitoka nje kwenye ngazi za mahakama, jua kali, mji umetulia vibaya.

"Nimemkatalia hakimu," Mama Nekesa akasema. "Mimi. Hata marehemu mume wangu sijawahi kumkatalia."

"Umemkatalia kabisa," nikasema, "na umemkatalia vizuri kuliko mawakili wote wa Kenya. Sasa twende, mama, tukimbie. Tusikutwe hapa nje."

"Hapana," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. Alikuwa ameshaketi kwenye ngazi, miguu ameinyoosha mbele, leso ameitandika mapajani kama mtu aliye kwake. Lori la wanajeshi lilipita. Wote waligeuka kututazama.

"Wakili, nimekimbia tangu mwezi wa kumi na mbili. Acha nikae."

Nikakaa.